Vitabu Miguuni pa Saraswati

"Ewe bwana wa shati la mistari! Toa mguu wako kwenye kitabu changu!"

Mtaa wa College saa kumi na moja jioni haumsikii mtu. Tramu inagonga kengele, wachukuzi wanafoka wapishwe, wanafunzi wanasukumana mbele ya vibanda vya vitabu, na muuza chai anapita katikati yao na birika lake kana kwamba Kolkata nzima ni sebule ya mama yake. Lakini Jhinuk Ghatak alikuwa na sauti. Alikuwa juu ya ngazi ya mbao mlangoni mwa duka lake, akipanga rafu ya juu kabisa, kitabu kimoja kikamponyoka kikaanguka njiani, na mtu huyu akakikanyaga.

Mtu mwenyewe aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akainama, akakiokota kitabu kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji la uso mara tatu huku midomo ikinong'ona. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na vumbi la chaki limemjaa hadi kwenye viwiko.

"Saraswati amekusamehe," Jhinuk alisema akishuka, pindo la sari yake ya kijani amelichomeka kiunoni kikazi. "Yeye ndiye mungu wa kike mwenye elimu yote, ana moyo mkubwa. Mimi ni muuza vitabu tu. Kinunue."

"Samahani sana, dada. Bei gani?"

"Mia na themanini."

Akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto. "Nina arobaini. Na nauli imo humo humo."

"Wewe mwalimu."

"Umejuaje?"

"Chaki, miwani ya uzi, na arobaini mfukoni. Ungekuwa nani mwingine?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu asiyeficha kitu, na Jhinuk alikipenda kabla hajapata nafasi ya kujizuia.

"Haya, kaa hapo kwenye kigoda ukisome. Ukimaliza, urudishe. Ila ukiniita dada tena, sikukuu ya makaka ikifika nitakupaka alama ya kaka kwenye hilo paji lako, halafu tuone utafika wapi."

Pallab Nandi akakaa. Neno dada halikumtoka tena.

Duka la Ghatak lilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi za nyumba kuukuu, upana wake mikono miwili iliyonyooshwa. Babu yake Jhinuk ndiye aliyelifungua, na humo humo akaandika na kuchapa vitabu vyembamba kumi na kimoja vya hadithi za mizimu: mzimu wa karani aliyekataa kustaafu, mzimu wa mama mkwe aliyeendelea kuonja mchuzi, na wengine wa aina hiyo. Baba yake Jhinuk alipofariki, duka likabaki kwake na kwa baba yake mdogo, Bhobani, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye mkataba wa upangaji.

Hali ilikuwa mbaya, na kila mwaka ilizidi ubaya. Karatasi ilipanda bei hadi wachapaji wakawa wanaitaja kwa kunong'ona. Wanafunzi walisomea kwenye simu. Duka la kushoto liligeuka la makava ya simu, la kulia likawa la kuku wa kukaanga, na mwenye nyumba, Bwana Samajdar, alianza kupita kila wiki akizipima kuta kwa macho. Kitu pekee kilichotoka dukani bila kubembelezwa ni mizimu ya babu.

"Wafu ndio wanaotulisha," Baba Mdogo Bhobani alikuwa akisema, na hakuwa akitania.

Pallab alikuja kila Alhamisi, akitoka kwa mtoto mmoja wa masomo ya ziada akielekea kwa mwingine. Mtihani wa ualimu alikuwa ameufaulu miaka mitano iliyopita, na jina lake lilikuwa bado linasubiri kwenye orodha. Alisoma, akanywa chai kwenye kikombe cha udongo, akarudisha kitabu mahali pake. Jhinuk alianza kuvaa hereni siku za Alhamisi. Baba Mdogo akaziona hereni, akaanza kutoka Alhamisi kwenda kutazama vitu ambavyo havikuhitaji kutazamwa.

Siku moja Pallab alikuja na kidole gumba kinachovuja damu, amebanwa na mlango wa treni, ukucha umepasuka katikati. Jhinuk alikiosha, akakifunga kitambaa. Walipomaliza, hakuna aliyeuachia mkono wa mwenzake, na mteja aliyekuja kuulizia kamusi alikohoa mara mbili, akaenda zake.

Usiku huo simu ililia.

"Umefika salama?" Jhinuk aliuliza.

"Nimefika. Mama anauliza kwa nini naongea nimegeukia ukuta."

"Mwambie unaongea na mzimu."

"Nimemwambia naongea na mwenye duka la vitabu. Kasema afadhali mzimu, mzimu hana biashara inayodorora."

"Mwambie mama yako duka hili litawazika wote wanaolicheka."

"Ndiyo maana nakupenda. Una maringo ya tajiri na rafu za maskini."

"Rudia."

"Rafu za maskini?"

"Pallab!"

"Nakupenda, Jhinuk wangu."

Kisha ukaja mwezi wa Januari, na Baba Mdogo akaweka karatasi mezani.

"Mwanangu, nimechoka," alisema, na kweli alionekana amechoka. "Samajdar ameandika. Tarehe tatu Februari nimkabidhi duka tupu. Atalivunja ukuta, kuku wapanue jiko. Vitabu atavichukua Haradhan wa mizani, yule mnunuzi wa karatasi chakavu, kwa kilo."

"Kwa kilo! Kama vitunguu?"

"Vitunguu vina bei nzuri zaidi."

Jhinuk hakulia. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya baba yake mdogo, wakatazamana kama watu wanaocheza karata. "Umeshampa ufunguo?"

"Bado. Wala sijapokea hata rupia yake. Siku ya kukabidhi ndiyo siku ya kulipwa."

"Basi tuwekeane. Nikiuza mizimu mia tatu kabla ya siku hiyo, karatasi hii unaichana."

Baba Mdogo akapiga hesabu kwa vidole. Januari ni mwezi wa vitabu, na Januari nyingine walikuwa wakiuza zaidi ya hiyo. "Mia tatu," alikubali.

Jhinuk akapanga mizimu yote mlangoni. Akaandika bango. Akasimama nje kutwa, akiita wapita njia mmoja mmoja. Wiki ya kwanza iliuza vitabu tisa. Wiki ya pili, vinne. Watu walivishika, wakatabasamu, wakasema ah, huyu karani nimemsoma juzi tu, wakavirudisha. Juzi! Wapi? Hakuelewa hata kidogo.

Aliyemwelewesha ni msichana mmoja wa chuo, mwenye mkoba wa gunia na adabu zake.

"Dada, tatizo si bei. Mimi ninavyo vyote kumi na kimoja, bure. Angalia."

Akamsogezea simu. Ni kweli vilikuwepo, ukurasa baada ya ukurasa, vimepigwa picha vizuri, na chini yake watu elfu ishirini wametia alama ya moyo. Jhinuk akatelezesha kurasa. Alama ya kikombe cha chai kwenye ukurasa wa saba aliijua. Ilikuwa ya nakala ya dukani kwake. Na pembeni mwa ukurasa wa kumi na mbili, kikiwa kimebana karatasi isijifunge, kulikuwa na kidole gumba chenye ukucha uliopasuka katikati.

Alhamisi Pallab aliingia na maandazi ya jibini ya moto kwenye mfuko wa karatasi. Kigoda chake hakikuwepo.

"Nioneshe kidole chako," Jhinuk alisema.

"Kimepona, mpenzi, usijali."

"Nimesema nioneshe."

Akaonesha. Jhinuk akauweka ukurasa kwenye simu yake kando ya kidole kile. Pallab akatazama, na rangi ikamtoka usoni.

"Ulikuwa unakuja kusoma," Jhinuk alisema. "Nilikupa kigoda. Nilikupa chai. Nikaenda kuhudumia wateja nikakuachia mgongo wangu, na wewe ukawa unapiga picha."

"Nisikilize. Nilianza kabla sijakujua vizuri. Vitabu hivi vinaliwa na mchwa, Jhinuk! Nakala nyingine hazipo tena popote. Mimi na wenzangu tuna mkusanyiko wa vitabu mia saba vya zamani, tumeviokoa. Babu yako sasa anasomwa Silchar, anasomwa Dubai, kuna mtu kaniandikia kutoka Toronto kwamba amelia..."

"Alie! Alilia akilipa nini?"

"Mimi sikuchukua hata rupia moja."

"Ndicho kinachoniuma! Mwizi anayeuza, naweza kushindana naye kwa bei. Wewe umegawa bure, nani atashindana na bure? Nilihitaji mizimu mia tatu, Pallab. Mia tatu tu, duka lisiende kwa kilo."

"Hukuniambia habari za mia tatu."

"Na wewe hukuniambia habari za elfu ishirini."

Jhinuk akausukuma mfuko wa maandazi kifuani pa Pallab. "Nenda. Na ukipita mlangoni, angalia usikanyage kitu."

Simu yake ililia siku hiyo, na kesho yake, na kila siku iliyofuata. Siku ya kumi akaipokea.

"Jhinuk! Nimefanya jambo, nisikilize kwa..."

"Namba uliyopiga haitaki kupatikana," akajibu, na akakata.

Halafu akakaa chini, akalia kwa hasira, kwa sababu sauti ile ilikuwa imemfurahisha masikio bila ruhusa yake. Alimkosa. Alimkosa hata akachukia siku ya Alhamisi yenyewe, na hereni akazirudisha kwenye kopo. Alipojifuta uso akainua macho, na ukutani mbele yake kulikuwa na kalenda ya mwezi ya Baba Mdogo, ile yenye sikukuu na saa za mwezi kuandama. Akasimama. Akaifuata tarehe tatu Februari kwa kidole, akasoma kilichoandikwa pale, akasoma tena. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, Jhinuk Ghatak alicheka.

Hakumwambia mtu. Alikwenda mtaa wa wafinyanzi, akanunua sanamu ndogo ya Saraswati, mwenye kinanda cha nyuzi mapajani na bata mweupe miguuni.

Asubuhi ya tarehe tatu jiji zima lilikuwa la njano. Wasichana wa shule walipita kwa makundi katika sari zao za kwanza, wakijikwaa kwenye mikunjo, na wavulana waliovaa kurta, zile kanzu fupi, walijifanya hawawatazami. Ilikuwa sikukuu ya Saraswati, siku pekee katika mwaka ambayo mtoto wa Kibengali akishika kitabu anagombezwa. Vitabu siku hiyo huwekwa miguuni pa Mama Saraswati, avibariki, na havisomwi wala havinyanyuliwi mpaka chungu cha maji kilicho mbele yake kisogezwe na kuhani kesho yake.

Makuhani nao siku hiyo ni adimu kuliko maji ya barafu. Jhinuk alimnasa mmoja akishuka kwenye tramu, akamshika mkono na hakumwachia mpaka sala ikaisha na maua yakarushwa miguuni pa Mama.

Saa nne Haradhan wa mizani alifika na mkokoteni, vijana wawili na mizani yake ya chuma. Akasimama mlangoni. Rafu zote zilikuwa tupu. Katikati ya duka alikaa Saraswati katika maua, na miguuni pake, kutoka sakafuni hadi kiunoni mwa mtu, ukuta hadi ukuta, vilikuwepo vitabu vyote vya duka la Ghatak. Jhinuk alikuwa amevibeba tangu alfajiri. Alisimama kando yake katika sari ya njano, nywele zimelowa na kidevu kiko juu.

"Karibu, kaka Haradhan," alisema. "Chukua."

Haradhan akavua viatu kwanza. Akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia kwa sauti ya chini. "Dada, mbona unanitafutia laana? Binti yangu ana mtihani wa taifa mwezi huu huu."

"Mimi sijakukataza. Vitabu hivyo hapo."

"Chungu kitasogezwa lini?"

"Kesho, kuhani akirudi."

"Kesho nina kazi Howrah," Haradhan alisema kwa furaha kabisa, akakaa kwenye mkokoteni wake kusubiri wali wa dengu wa sikukuu.

Bwana Samajdar alikuja mbio, koti limefungwa kifungo kisicho chake. "Kuna nini? Mbona hampakii?"

"Nani alichagua tarehe hii, Bwana Samajdar?" Jhinuk aliuliza.

"Mimi."

"Ulitazama kalenda ya mwezi?"

"Nilitazama kalenda ya benki!"

Vicheko vikapasuka nyuma yake. Hapo ndipo Jhinuk alipotazama barabarani, na akakuta watu. Hawakuwa wapita njia. Walikuwa wamepanga foleni, foleni kweli, kutoka mlangoni kwake kupita kwenye kuku wa kukaanga hadi kituo cha tramu, na karibu kila mmoja alishika kitabu chake cha kubarikiwa siku hiyo. Walipomwona Saraswati ndani, wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakiweka vitabu vyao juu ya vyake: vya hesabu, vya fizikia, kamusi zilizochanika, daftari za watoto.

Bibi mmoja mwenye sari nyeupe aliingia akiwa ameshika simu tu.

"Mwanangu, nimetoka Barasat kwa treni mbili," alimwambia Jhinuk. "Mwalimu mmoja kaandika kwamba aliiba vitabu vyenu, kaandika na jina lake kamili, kavifuta vyote, kasema vipo hapa tu na mkichelewa vitaondoka kwa kilo. Mimi yule karani nilimsoma kwenye simu ya mjukuu, nikacheka hadi nikakohoa. Lakini leo ni leo. Simu nitaiwekaje miguuni pa Mama? Nataka kitabu."

"Leo haviuzwi, bibi. Leo havishikwi."

"Basi nitangoja kesho. Nina dada yangu Shyambazar, nitalala kwake. Niandikie vitatu."

"Na mimi viwili!" mtu akapaza sauti nyuma. "Mimi vyote kumi na kimoja!"

Baba Mdogo Bhobani alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, ufunguo wa duka mkononi, kwa kuwa ndiyo siku ya kukabidhi. Alimtazama bibi wa Barasat. Alitazama foleni. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti kwa tabu, akauweka ufunguo juu ya vitabu, miguuni pa Saraswati.

"Bwana Bhobani!" Samajdar alifoka. "Huo ufunguo ni wangu leo!"

"Unyanyue," Baba Mdogo alisema.

Samajdar akanyoosha mkono. Wasichana wa sari za njano walimkazia macho, Haradhan akatikisa kichwa polepole, na mkono wa Samajdar ukabaki hewani. Naye alikuwa na mtoto wa kiume wa darasa la kumi. Akaurudisha mfukoni.

"Karatasi inasema nikukabidhi duka tupu leo," Baba Mdogo aliendelea, na sauti yake ilikuwa imerudi miaka ishirini nyuma. "Duka si tupu, pesa yako sijaila, na kesho sitakuwa na hamu." Akaichana mara mbili mbele ya macho yake.

"Nitawapeleka mahakamani!"

"Tupeleke!" Jhinuk alijibu, na barabara nzima ikasikia. "Kesi ya upangaji katika jiji hili inachukua miaka ishirini, Bwana Samajdar. Majaji watazeeka, mawakili watanenepa, na sisi tutakuwa hapa hapa tunauza vitabu. Siku ya hukumu nitakuletea kimoja ukisome mahakamani. Nitakuuzia kwa bei kamili!"

Samajdar akaondoka akipiga simu kwa wakili. Watu wakapiga vigelegele, mtu akaleta sufuria ya wali wa dengu, na ndipo Jhinuk alipomwona Pallab. Alikuwa mwisho kabisa wa foleni, katika kurta nyeupe iliyopigwa pasi upande mmoja tu, na hakuwa amejaribu kuingia. Jhinuk alimfuata mwenyewe.

"Ndilo lile jambo ulilotaka kuniambia kwenye simu?"

"Ndilo. Ila namba haikutaka kupatikana."

"Wenzako wa mkusanyiko wamesemaje?"

"Wamenifukuza. Wameniita msaliti wa fasihi." Akashusha pumzi. "Nilikuwa najidanganya, Jhinuk. Nilijiona mwokozi. Sikuuliza, kwa sababu nilijua ungekataa. Nisamehe."

Jhinuk alimtazama. Hasira bado ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa chini. "Bibi wa Barasat asingemjua babu bila wewe," alisema mwishowe. "Hilo nalikubali, na linaniudhi sana. Lakini umeniumiza."

"Najua."

"Sawa. Ujue hivyo hivyo."

Wakatazama foleni ikisogea. Kisha Pallab akakohoa.

"Nasema hivi, kwenye hiyo kesi mtahitaji shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Wa kuthibitisha kwamba duka lilikuwa wazi kila siku. Lazima awe mtu anayekaa humu. Anayekula humu, anayezeekea humu, kwa miaka yote ishirini."

"Mwalimu, hiyo ni posa au ni hati ya kiapo?"

"Vyote viwili. Sina ajira, nina miwani mibovu, na mama yangu anakuogopa. Lakini nakupenda, na sitaki kuondoka mlangoni hapa tena."

Jhinuk alihisi macho yanamchoma, akayakazia. "Tutavichapa upya vyote kumi na kimoja. Kila ukurasa ulioupiga picha utaukunja kwa mkono wako, na hicho hicho kidole. Na hiyo mia saba uliyonayo, utakwenda kwa kila mwenye haki mmoja mmoja umwombe ruhusa. Wakikutukana, uitikie."

"Nitaitikia."

"Na ukiificha simu mfukoni ukiwa dukani kwangu..."

"Nitaiacha kaunta kwa Baba Mdogo."

Jhinuk akamshika mkono, mbele ya bibi wa Barasat, mbele ya Haradhan na kuku wa kukaanga na wasichana wote wa njano ambao sasa walikuwa wakichekana waziwazi. Akamvuta katikati ya watu hadi kwa Baba Mdogo, aliyekuwa ameketi sakafuni na sahani ya wali mapajani.

"Baba Mdogo," alisema, "huyu mtu ana jambo la kukuomba. Mkatalie mara moja, aonje. Halafu mkubalie."